Maji ya Chini ya Simotwet

Kama kuna kitu ningeomba nirudishiwe, si ujana. Ujana ulikuwa na kazi nyingi. Ningeomba maji ya chemchemi iliyokuwa chini tu ya boma letu, upande wa Mogogosiek, mwisho wa shamba la majani chai. Yalikuwa baridi mpaka meno yanauma. Juu yake ulisimama simotwet, mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, umezungukwa na vichaka ambavyo hakuna aliyethubutu kuvifyeka. Nilipoolewa, mama mkwe ndiye aliyenionyesha pa kukanyaga. Hapa hatufui nguo, akaniambia, na tunateka kwa kibuyu safi, hatutumbukizi ndoo.

Miaka michache baada ya uhuru tukasikia kwamba ofisi ya maji inasaidia vikundi vya akina mama vinavyotunza chemchemi zao. Walitoa simiti, waya na mabomba, lakini lazima kikundi kijaze fomu. Sasa nani wa kujaza? Ni nani kama si mimi, bibi darasa la saba! Wenzangu walinitania wakiniita karani, nami nikavimba kichwa. Fomu ilitaka tufyeke vichaka na tupande miti. Bwana wa maji angerudi baada ya mwaka, na akikuta miti imempita kimo, mabomba yangekuja.

Mama mkwe alitaka tupande vijiti vya simotwet na tuache vichaka vyetu. Nilimweleza kwa heshima kwamba kwa mwaka mmoja simotwet haitampita hata mbuzi. Nikaandika kwenye fomu bulugamu, yaani mikaratusi. Kila mtu aliipanda, kiwanda cha chai kilinunua kuni zake, na inapanda juu mbio. Hakugombana nami. Alisema mara moja tu, akiwa ameinama anang'oa magugu.

"Mwanangu, hiyo miti ina kiu kuliko ng'ombe."

Nikacheka moyoni. Maskini mama wa watu, nikawaza, hajui mambo ya fomu.

Basi bwana wa maji akarudi, akasimama kando ya bulugamu, akaangalia juu, akaridhika. Mabomba yakaja. Siku ya kuyafungua tuliomba, tukaimba, tukanywa mursik, maziwa yetu ya mgando, hadi jioni, na mama mkwe akawa wa kwanza kukinga maji. Alinishika mkono mbele ya watu wote, akasema huyu ni mtoto wangu. Jamani, siku ile! Naitamani mpaka leo, ingawa najua kilichofuata.

Kiangazi cha mwaka wa nne, maji yakawa membamba kama uzi. Kiangazi kilichofuata, bomba likakohoa hewa tu. Bulugamu zilikuwa zimenenepa, kijani kibichi, huku sisi tukishuka hadi mtoni, mwendo wa saa nzima, kuteka maji yaliyovurugwa na ng'ombe wa bonde zima. Tuliyachemsha kwa kuni za bulugamu zile zile. Mama mkwe hakunikumbusha neno lake hata siku moja.

Kisha akaugua, akalala, akakataa chai, akakataa uji. Asubuhi moja akasema anataka maji ya chemchemi. Sikuweza kumwambia hakuna. Nilichukua kibuyu, nikashuka mpaka pale, nikapiga magoti kwenye mizizi ya simotwet na kuchimba kwa mikono. Nilipata tope. Nikalia kidogo, nikajifuta, nikaenda mtoni.

Niliyachemsha, nikayachuja kwa kitambaa mara mbili, nikayaacha kwenye mtungi kivulini mpaka yakapoa kabisa. Nikamwinua kichwa. Alichukua funda moja, akalikalisha mdomoni muda mrefu, nami nikaangalia chini.

"Umeenda mbali leo, mwanangu," akasema.

Akanywa yote, akanirudishia kikombe kitupu na kunishukuru. Heri angenigombeza.