Nilipaka Nyumba ya Mama Rangi ya Kijivu

Wacha niseme mapema, kabla sijaanza kujitetea: makosa ni yangu. Sikutumwa, sikulazimishwa, na shetani tusimsingizie. Ni mimi, mtu mzima na akili zangu, niliyemwaibisha mamangu mzazi nikidhani naficha aibu yangu. Nakuambia wewe kwa sababu hapa nyumbani hakuna tena wa kuambia.

Nyumba yetu iko Waithaka. Kama umewahi kupita huko, huenda uliiona. Ilikuwa pinki. Si ile pinki ya upole ya nguo za mtoto mchanga, la! Pinki ya kupiga kelele, na madirisha ya kijani. Jua likiwaka ilikuwa inauma macho.

Mama alifua nguo za watu huko Lavington karibu maisha yake yote. Sisi tulikuwa watu wa kupanga, chumba kimoja hiki, chumba kimoja kile. Landilodi mmoja alimkataza hata kupigilia msumari wa kalenda ukutani. Jumamosi tukienda tauni, kule mjini kati, alikuwa ananivuta mkono hadi duka la mzee mmoja wa Kihindi aliyeuza rangi. Hakuwa ananunua kitu. Alikuwa anaangalia tu mikebe! Yule mzee akamzoea. Alikuwa anamwambia, "Mama, wewe jenga nyumba. Rangi mimi nachanganya."

Na mama akajenga, jiwe kwa jiwe. Na mzee akachanganya kweli, kwa mikono yake, akiongeza kidogo kidogo, hadi mama akapiga makofi: "Hapo! Hapo usiongeze kitu!"

Mimi nilikuwepo. Niliona uso wake siku hiyo. Kwa hivyo siwezi kukudanganya ati sikujua.

Lakini nikasoma, nikapata kazi ya ofisi huko Upper Hill, na macho yangu yakabadilika. Siku moja wenzangu wa kazi walinifikisha nyumbani kwa gari. Mmoja akachungulia dirishani akauliza, "Hii ni nyumba ama ni keki?" Gari zima likaangua kicheko. Na mimi, mjinga, nikacheka kuwashinda. Nikasema, "Wacha tu, mamangu ni mtu wa ushago, wa kijijini."

Halafu nikapatana na Tony, tukapendana. Kwao ni Lavington, nyumba ya geti na mlinzi. Alipendekeza wazazi wake waje kwetu tujuane. Mimi badala ya kufurahi nikaanza kuhesabu aibu: Watakaa wapi? Watakunywa chai kwa vikombe gani? Na hiyo nyumba, Mungu wangu, hiyo nyumba!

Katikati ya hayo, dada yake mama akafariki huko Vihiga. Mama akafunga nguo, akaenda kuzika. Nilimsindikiza hadi kwa basi nikilia naye. Na bado nalia, tayari kichwani nishachagua rangi.

Fundi alikuja na watu wake. Jirani yetu Mama Njoki akasimama kwa uzio, mkono kiunoni.

"Umemuuliza mamako?"

"Ni sapraizi, Mama Njoki. Atafurahi."

"Ngai! Mtu hufanyiwa sapraizi kwa nyumba yake?"

Nikamwambia fundi aendelee. Mama akanipigia simu akiwa matangani, sauti imekwisha kwa kulia. Akaniuliza kama nyumba iko salama. Nikamjibu, "Iko sawa tu, Mama. Wewe pumzika." Ukuta wa mbele ulikuwa umekwisha kuwa kijivu, na mimi nilikuwa nimesimama papo hapo nikiutazama!

Alirudi siku moja kabla ya wageni. Alishuka kwa bodaboda akiwa na mkungu wa ndizi, akalipa, akageuka. Akasimama.

"Nani amefanya hii kitu?"

"Ni mimi, Mama. Wageni wanakuja kesho. Nilitaka tuonekane..."

"Tuonekane nini?"

Hapo ndipo ningenyamaza. Hapo ndipo mtu mwenye akili angepiga magoti. Mimi nikasema, "Tuonekane watu wa maana."

Mama aliweka ndizi chini. Akaenda hadi kwa ukuta, akaupapasa, akaangalia kiganja chake. Kisha akasema, bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliniua: "Nimetoka kuzika dada yangu, nimekuja, na wewe umenirudisha kwa nyumba ya kupanga."

Akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake.

Wageni walikuja. Mama aliamka mapema akachinja kuku, akapika, akawakaribisha kwa heshima zote. Nikaanza kupumua. Nikajiambia ameshasahau. Basi mamake Tony, mwanamke mpole tu, akataka kusifu. "Mama, nyumba yako ina rangi nzuri. Imetulia."

Mama akafuta mikono kwa leso. "Asante, lakini hiyo si yangu. Yangu ilikuwa pinki. Huyu binti aliona haiwatoshi watu wa Lavington, akaipaka hii nikiwa matangani."

Woi! Mamake Tony aliweka kikombe chini polepole. Babake akakohoa. Hakuna aliyejua aangalie wapi, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Wakati wa kuondoka Tony alinivuta kando ya gari. "Kwani nani alikuambia naoa ukuta? Sasa mamangu ananiuliza kama ni sisi tulikuambia tunataka hivyo. Nimwambie nini?"

Hajaniacha, lakini habari za ndoa siku hizi nikizianza anabadilisha mazungumzo. Na wazazi wake hawajarudi.

Mama naye alirudi Vihiga wiki iliyofuata. Alisema watoto wa marehemu hawana mtu. Ni kweli, hawana. Lakini begi aliyobeba haikuwa ya mtu wa kurudi.

Ati ungefanya nini? Nilikimbia kutafuta ile pinki! Nikaenda kwa lile duka la tauni. Yule mzee amestaafu, sasa kijana wake ndiye anauza. Akanisikiza vizuri, akatikisa kichwa. "Dada, babangu alikuwa anachanganya kwa jicho. Na siku hizi jicho lenyewe haoni nalo vizuri."

Nimejaribu pinki baada ya pinki. Moja ilikauka ikawa kama supu ya maharagwe. Nyingine kama ile dawa ya vidonda vya tumbo. Nyingine fundi mwenyewe aliiangalia akasema, "Madam, hii hapana." Na kile kijivu hakikubali kufunikwa vizuri, kinachungulia huku na huku kama ugonjwa wa ngozi! Mama Njoki siku hizi akipita hasemi neno. Heri angesema.

Ile iliyokaribia zaidi niliipiga picha, nikamtumia mama. Akajibu, "Nimeona." Basi! Nikakaa na hiyo simu mkononi kama mtu aliyepigwa.

Juzi nilimpigia tena. Nikamsihi, "Mama, njoo uchague mwenyewe. Chochote utakachosema, hata ukitaka rangi za kila aina. Fundi anangoja wewe."

Akasema, "Chagua tu wewe. Si wewe ndiye unakaa hapo?" Kisha akaniuliza kama nimekula. Angenitukana ningepumzika! Lakini yeye ananiulizia chakula, ananiulizia kazi, anamsalimia hata Tony. Nyumba pekee ndiyo hataji. Anaongea kama mtu ambaye hakuwahi kuwa nayo.

Wewe unayesoma hii, najua kuna kitu cha kwenu unachokionea haya. Labda ni viti vya mzee, labda ni vile mamako anavyoongea kwa sauti mbele ya marafiki zako. Usikiguse kabla hujamuuliza mwenye nacho. Na ukijikuta unangoja atoke nyumbani ndio ufanye, acha hapo hapo! Jibu lake unalijua. Mimi nililijua.