Slaidi ya Chupa Zilizoharibika

Mtafiti mmoja kijana, kila akifika penye ugumu katika maandishi yake, hushika pasi. Wifi yake, anayeishi naye, ameshamzoea: blauzi ikinyooshwa mara ya pili, ujue kuna sentensi imekataa kukaa sawa. Kesho kutwa atasimama mbele ya jopo aeleze mwaka wake wa kwanza wa kuchunguza maji ya visima, nao waamue kama anaendelea na uzamivu au anafungasha virago. Sauti yake ni ndogo, ya mtu asiyetaka kuamsha mtoto, lakini kila anapotaja tarakimu vidole vyake virefu huchezacheza hewani, kama anayechomoa miiba.

“Hapo kwenye chupa zilizoharibika pita haraka,” wifi alimshauri huku akimenya viazi na kumsikiliza akifanya mazoezi. “Wazee wale watakuwa wanasinzia.”

“Lakini kosa ni langu, wifi. Umeme ulikatika, sikwenda kukagua friji, sampuli za maji zikaharibika.”

“Ndiyo maana nakwambia pita haraka!”

Mtafiti alicheka, akasimamisha pasi, akainamia kompyuta. Wifi alidhani anaifuta slaidi ile. Kumbe anaitoa mwishoni na kuipandisha juu kabisa, chini tu ya jina lake.

“Naanza upya. Niulize swali baya kuliko yote.”

Wifi aliweka kisu chini, akakunja uso kama profesa mwenye njaa. “Sasa, binti, tukuamini kwa lipi?”

Mtafiti akavuta pumzi, akaanza kujibu. Vidole vilikuwa vimetulia. Blauzi ilikuwa na mkunjo begani, na pasi hakuigusa.