Vijiti vya Muhogo Kichwani mwa Nkambo

Mwanangu, nakumbuka mwaka 1998: vita vilimchukua baba yako, na muda si mrefu wenye bunduki wakabeba mahindi yetu yote, hata ya mbegu. Wewe ulikuwa bado tumboni.

Tulitoka Kamina kwa miguu, mimi na nkambo yako, mama yake baba yako. Mimi nilibeba sufuria na blanketi. Yeye alijitwika mzigo wa vijiti vya muhogo mchungu, amevifunga kwa kitambaa kibichi. Papa Ilunga, jirani yetu fundi baiskeli, aliyekuwa akikimbia nasi, alimwona njiani.

"Mama, unapeleka kuni mu pori? Kule kuni haiko?"

"Cheka tu, papa. Weye utakuja kwangu na sahani."

Mimi sikucheka. Niliwaza mtoto wangu atakula nini.

Upande wa Kabondo-Dianda chifu alitupa kipande cha shamba. Nkambo akapanda kabla hatujajenga hata kibanda. Nikamwomba apumzike, amlilie kwanza mwanawe.

"Minyi niko nalia," akasema. "Mikono njo inapanda."

Jioni alinieleza kwamba hata muhogo ulikuwa mgeni. Wazee wa kale walikula mtama na ulezi. Kisha vijiti kama vile vikaja kutoka ng'ambo ya bahari, mkono kwa mkono, mpaka kwetu Waluba. Tangu hapo ghala likichomwa kijiji hakifi, kwa sababu chakula kingine kimelala chini ya udongo.

Muhogo ulipokomaa, wewe ulikuwa unatembea. Wenye bunduki wakaja tena, wakabeba mahindi ya wenyeji, wakang'oa na muhogo wetu. Mmoja akauma, akatema.

"Mama, hii iko sumu!"

"Inalala mu maji kwanza, mutoto yangu, mpaka ilainike. Ngojeni."

Hawakuweza kungoja siku tatu, wakauacha. Walipoondoka tuliloweka, tukaanika, tukatwanga, nkambo akasonga bukari, ugali wetu. Papa Ilunga akafika na sahani, anacheka kabla hajasalimu. Nkambo akamjazia. Wewe ukasinzia na tonge mkononi. Siku hiyo nilicheka mara ya kwanza tangu baba yako afe.

Sasa unaolewa Bukama. Sitakudanganya kwamba vita havitarudi; sijui. Ukifika, panda kwanza, viti na mapazia vitafuata. Jirani akiomba vijiti, usimnyime. Hata sisi tulipewa. Mungu akupe udongo laini, na nyumba isiyokosa sahani ya mgeni.

Asubuhi hii nimekukatia mzigo wako wa vijiti. Mchumba wako ameuona, akaniuliza kwa heshima kama nimesikia kwamba Bukama kuni hakuna. Nimecheka hadi nikakaa chini.