Amekuja Kusalimia Tu

Kaka yangu Adrian hapendi habari zake zisimuliwe. Bahati mbaya kwake, mimi Violet ndiye mdogo wake pekee, na sijawahi kumwomba ruhusa ya kuongea.

Tumezaliwa kijijini, mwendo mfupi kutoka Liuli, katika nyumba ambayo ukifungua mlango wa uani unaliona Ziwa Nyasa. Baba alifariki Adrian akiwa sekondari Songea. Katika ukoo wetu habari ya kifo haipelekwi kwa simu wala kwa karatasi. Anatumwa mtu, mara nyingi mjomba, na mtu huyo hamwambii yeyote njiani alichobeba. Akifika anasema amekuja kusalimia tu. Kisha anamtoa mfiwa pembeni, anamshika mkono na kumwambia ana kwa ana, ili akianguka awepo wa kumdaka. Basi Mjomba Erasmo, mdogo wake mama, akatumwa Songea. Ilikuwa masika, lori likakwama kwenye matope kule milimani, na alipofika shuleni baba alikuwa ameshazikwa.

Adrian alikuja nyumbani akakuta tuta la udongo. Alilia hadi sauti ikakauka, halafu akamwambia mama mbele yangu, "Mama, wewe nitakuzika kwa mikono yangu." Mama akamwambia ale kwanza. Lakini hakulisahau neno lile. Kila alipopata homa aliniambia, "Msinifukie mpaka Adrian aje. Udongo wa kwanza aweke yeye."

Ndiyo maana sikushangaa kaka alipokwenda kusomea kompyuta. Alichukia habari zinazochelewa. Alipata kazi Mbinga, kwenye kampuni moja ya kununua kahawa ambayo jina lake nalihifadhi, akapewa chumba cha wafanyakazi ndani ya uzio huo huo wa ofisi. Mizani ya vituoni ilikuwa na mfumo wake, malori mfumo wake, kalenda za wafanyakazi mfumo wake, yote ikitunzwa kwenye kompyuta za kukodi zilizoko mbali, wenyewe wanasema kwenye wingu. Kazi ya Adrian ilikuwa kuifanya mifumo hiyo ielewane, kisha kuiunganisha na msaidizi wa akili mnemba, ili mkulima aliyeko kilimani apige simu aulize lori linakuja lini, ajibiwe papo hapo.

Alinieleza habari za API nikiwa napara samaki. "Ni kidirisha, Violet. Unapeleka ombi lako kwa utaratibu uliopangwa, upande wa pili unajibu. Na anayepanga nani apite na kwa sababu gani ni mimi."

"Kumbe umesoma miaka yote hiyo uwe bawabu," nikamwambia. Akacheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Msaidizi huyo walimpa sauti ya mwanamke mpole, wakamwita Dada Karibu. Alikuwa anapokea simu, na getini walimwekea kioo chake cha kuongea na wageni, kama cha simu kubwa: mgeni anasema anamtaka nani na ana shida gani, Dada anaangalia kalenda ya mhusika, anampangia muda. Adrian ndiye aliyeweka ngazi za kipi kitangulie. Ajali, moto au msiba, simu ya mhusika inalia hata akiwa kikaoni. Mzani ukiharibika, unafuata. Salamu aliziweka chini kabisa, zikusanywe azisome mwisho wa wiki, kwa sababu msimu wa kahawa kila mtu Mbinga anatembelewa na ndugu na kazi zilikuwa hazifanyiki. Akaanza na yeye mwenyewe, akaunganisha hata namba yake ya simu, ipokelewe na Dada. Mtoto wa Nyasa, ambaye baba yake alizikwa yeye hayupo, akaziweka salamu chini kabisa! Nikifika hapo nakasirika hadi leo.

Mama alifariki Jumanne alfajiri. Kifua kilikuwa kinamsumbua, lakini Jumapili aliimba kanisani na akina mama wenzake, na hakuna aliyetegemea. Mjomba Erasmo, sasa ni mzee wa kutembea na fimbo, alivaa koti lake la kanisani akapanda gari la Mbinga.

Mchana akawa yuko getini. Mlinzi, mtu wa kuja asiyejua mila zetu, akamwelekeza kwenye kioo.

"Karibu sana. Nikusaidie nini?"

"Nimekuja kumsalimia mpwa wangu, Adrian."

"Je, kuna dharura yoyote?"

Mjomba anasema hapo alimtupia jicho mlinzi. Mwenye mama hajui, huyo naye yuko pembeni anasikiliza, na kinachouliza hakina hata mkono wa kumshika mtu. Angeanzaje?

"Hapana," akasema. "Ni salamu tu."

"Adrian ana nafasi Alhamisi, saa tatu asubuhi. Atafurahi kukuona."

"Umwambie ni Mjomba Erasmo."

"Nimemwandikia. Asante kwa uvumilivu wako."

Mzee wa watu akaelewa kwamba Adrian ameambiwa na hayo ndiyo majibu yake. Alikaa nje ya uzio mpaka ofisi zikafungwa, akitegemea kumwona akitoka. Adrian hakutoka, maana alikuwa analala humo humo, na wiki ile walikuwa wanawasha mfumo mzima. Mjomba akaenda kuomba pa kulala kwa mtu wa kwetu mwenye duka, na kesho yake alipojaribu tena, Dada alimkumbusha kwa upole kwamba ni Alhamisi.

Jumatano hiyo tulimpigia Mjomba simu. "Nimepangiwa kesho," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeaibishwa. Nikachukua simu nimpigie Adrian mwenyewe. Wazee wakanikemea, nikapiga hivyo hivyo. Akapokea yule dada na upole wake, akasema Adrian yuko kikaoni, nina shida gani?

"Mwambie anipigie."

"Ningependa kujua ni kuhusu nini, ili nikusaidie vizuri."

Mimi niipe mashine kifo cha mama yangu, mwanawe hajakijua? Nikakata simu.

Huku kwetu ziwani joto halina simile. Padri alisogeza ibada hadi jioni, kisha akaja kuniambia taratibu kwamba haiwezekani kungoja zaidi. Nilisimama njiani natazama kule magari yanakoshukia. Lilikuja moja, limebeba magodoro, likapita. Tukamzika mama. Koleo la kwanza akapewa jirani yetu Pankras, mtu mwema, lakini mama hakuwa amemtaja Pankras.

Alhamisi saa tatu Adrian akatoka getini akitabasamu. Kalenda ilimwambia ana mgeni, jina alilisoma dakika ile ile.

"Mjomba! Shikamoo! Umefika saa ngapi?"

"Marahaba. Nimefika juzi."

"Juzi? Na hukuniambia?"

"Nilikuja kukusalimia tu, mwanangu."

Adrian akaliona koti la kanisani. Hakuuliza tena. Mjomba akamshika mkono amtoe pembeni kama inavyotakiwa, lakini kabla hawajafika huko kaka yangu alikuwa ameshaanguka, na mzee hakuwa na nguvu za kumdaka.

Walifika nyumbani jioni. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, nina maneno yamejaa kifuani tangu Jumatano. Nilipomwona anashuka garini, nikawaambia watu wampishe. Alikwenda moja kwa moja kaburini, akachota udongo kwa mikono miwili, akauweka juu ya ule ambao watu walikuwa wameshauweka, na akabaki amepiga magoti hajui afanye nini zaidi.

"Aliniulizia?" akaniuliza.

"Alikuulizia," nikasema. Nisingeweza kumdanganya.

Alirudi kazini. Alipofika, kitu cha kwanza alichofanya ni kubadilisha ngazi zake. Sasa mtu yeyote akifika getini akasema amekuja kusalimia, simu ya Adrian inalia hapo hapo, hata awe anaongea na mkurugenzi. Wengi wanakuwa wamekuja kusalimia kweli. Nimemwambia aondoe kitu hicho, anajiumiza bure, mama hafi mara mbili. Hanisikii.

Mwezi uliopita nilipanda Mbinga kumpelekea samaki wakavu, mbasa wa ziwani kwetu. Dada Karibu akanikaribisha, akaniuliza shida yangu. Sikufikiri. Nikasema nimekuja kumsalimia kaka yangu.

Sikumaliza hata kuweka kikapu chini. Adrian alikuja mbio kutoka ndani, hana viatu, akalishika geti kwa mikono miwili, akanitazama usoni.

"Mjomba?" akauliza.

"Mjomba mzima, kaka. Nimekuletea samaki."

Akakaa chini pale pale kwenye changarawe, mbele ya mlinzi na wakulima waliokuwa wanasubiri, akalia. Nikakaa naye, nikamshika mkono.