Washa Mbili za Shaba

Kijiji kizima cha Issuna kilimjua fundi Mathayo kwa sikio lake. Injini ikikohoa barabarani naye yuko shambani, atakwambia silinda gani imelala, na ole wako ubishe. Sifa zilimvimbisha kichwa, tena sana. Na sikio hilohilo ndilo lililompeleka Simeoni gerezani.

Ilikuwa mwaka 1974, watu ndiyo kwanza wamehamishiwa kijijini, na lambo la maji linachimbwa. Simeoni, rafiki yake tangu wakichunga pamoja, ndiye aliyeendesha tingatinga kuukuu la wilaya na kushika ufunguo wa mapipa ya dizeli. Siku ya pili tu baada ya Mathayo kufunga nozeli mpya za kupulizia dizeli, tingatinga likaanza kumisi: moshi mweupe, nguvu hakuna. Mathayo akasikiliza mbele ya wakubwa, akakunja mikono, akasema, "Mafuta haya yametiwa mchanga." Nozeli hakuzigusa. Angezigusaje, na mikono iliyozifunga ni yake? Mahakamani akayarudia maneno hayohayo. Simeoni akafungwa miaka mitatu kwa hujuma, lambo likabaki shimo, na wanawake wakaendelea kufuata maji mwendo wa nusu siku.

Miaka miwili baadaye wilaya ikataka lambo limalizike, Mathayo akaitwa. Safari hii alifanya kazi kama inavyotakiwa. Injini ikinguruma, akalegeza kwa spana nati ya bomba la dizeli la silinda ya kwanza. Mlio ukashuka, hiyo nzima. Akakaza. Ya pili, ukashuka. Ya tatu akalegeza, dizeli ikamrukia kiganjani, na mlio haukubadilika hata kidogo. Hiyo ndiyo iliyokufa.

Akazima injini, akaing'oa nozeli ya tatu. Washa ya shaba, ile pete inayokaa chini ya nozeli, ikatoka nayo. Akachungulia tundu kwa tochi, akaingiza bisibisi, na washa nyingine ikatoka, nyeusi kwa masizi. Ile ya zamani alisahau kuitoa, akaweka mpya juu yake, na nozeli haikukaa mahali pake tangu siku hiyo. Mchanga haukuwapo. Haukuwapo kamwe! Mathayo aliona aibu.

Akafunga upya kwa washa mpya moja tu, vizuri. Tingatinga likanguruma, vigelegele vikapigwa. Katikati ya vigelegele akaja Klara, mke wa Simeoni, na kikapu cha karanga za kukaanga. Kila mwisho wa mwezi alimpelekea mumewe gerezani karanga kama hizo, akidandia malori.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Nina swali moja tu. Mwenzio aliniapia kwa marehemu mama yake kwamba hakutia kitu. Nikamwamini, kijiji kizima kikinicheka. Leo umefungua mwenyewe. Mchanga umeuona?"

Mathayo alizifumba zile washa katika kiganja cha kulia. Jibu la kweli lilikuwa neno moja, na Simeoni alikuwa rafiki yake; lakini watu walikuwa wamemzunguka, wakimwita fundi, fundi.

"Upo," akasema. "Kidogo."

Klara akaitika kwa kichwa.

"Kumbe alinidanganya."

Akatua kikapu, akaanza kuwagawia karanga wanawake waliokuwa wakishangilia. Konzi ya kwanza alimpa Mathayo. Naye, mtu mzima na akili zake, akaipokea kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa bado umefumba.