Nafasi ya Mwisho Kwenye Kadi

Bibi yangu aliinuka kwenye busati, akalirudisha dele la kahawa jikoni, na wageni kumi na wawili wakabaki wameshika finjani tupu. Sababu ilikuwa programu ya mistari kumi na moja niliyoiandika mimi.

Nirudi nyuma kidogo. Ami yangu, ndugu wa baba, anaendesha kambi ya watalii ukingoni mwa mchanga wa jangwa, mjini Al Mintirib. Bibi, mama yake, ndiye aliyeianzisha pamoja na marehemu babu kwa mahema matatu, na mpaka leo kila alasiri huwamiminia wageni kahawa kwa mkono wake. Muda mrefu ami amemwomba amkabidhi kambi. Bibi hujibu, "Bado."

Juu ya kila sinia hukaa kadi ya Kiingereza inayotaja vyakula vilivyomo na wenyeji wa kambi. Ami akiziandika kwa mkono, na alishachoka.

"We si unafundisha kompyuta huko mjini Ibra?" akaniambia. "Niondolee adha hii."

Nilidhani ni mchezo wa jioni moja. Unaipa programu orodha ya maneno, nayo inayaunganisha. Neno likiwa moja, liache. Yakiwa mawili, tia "and" katikati. Yakizidi, tenganisha kwa mikato, na "and" ikae kabla ya la mwisho. Nikaipa tende, ikatoa tende. Nikaongeza kahawa, kisha halua, na kioo kikaniandikia "dates, coffee and halwa", safi, kama mwalimu ndiye aliyeandika. Nilijipigia makofi! Nikaimwagia kabati zima la jikoni, kuanzia hiliki mpaka ndimu kavu, isikosee hata mara moja. Na kwa kuwa napenda vitu vikae kwa taratibu, nikaongeza mstari wa kumi na moja: panga maneno kwa alfabeti.

Siku ya kwanza vyakula vilitajwa barabara. Chini yake wakatajwa wenyeji: "cook, driver, grandmother and son". Mpishi, dereva, bibi, kisha mwana, yaani ami. Bibi alisoma Kiingereza skuli, Unguja. Akavaa miwani, akasoma, akainuka.

Nilimkimbilia jikoni nikamwamkia mara ya pili siku ile, kwa woga. "Shikamoo bibi. Nisamehe, nimemtanguliza dereva mbele yako."

"Marahaba. Dereva ana kosa gani? Si ndiye aliyewaleta?" Alikuwa akilipangusa dele. "Nakuuliza, nyumba hii nani hunywa kahawa mwisho?"

Hapo nikaelewa. Kwetu mgeni huanza, mwenye nyumba humalizia. Bibi aliisoma ile orodha kama watu waliokaa busatini, na programu yangu ilikuwa imempa ami nyumba.

"Wallahi mama, ni alfabeti tu," ami akasema kutoka mlangoni.

"Alfabeti hiyo inakupenda mno, mwanangu."

Mpishi aliinamia sufuria mabega yakimtikisika kwa kicheko. Dereva akasema, "Mimi niwekeni popote, mradi funguo za gari nibaki nazo."

"Khalas, basi tena," ami akaniambia, "nirudishie kalamu yangu."

"Harudishi," bibi akakata. "Mashine ibaki. Ifunzwe adabu tu." Akalibeba dele akawarudia wageni.

Jioni ile ile niliufuta mstari wa alfabeti. Sasa kabla ya kuunganisha majina, programu huuliza: nani akae mwisho? Mpishi na dereva waliingia orodhani bila ubishi. Swali nikawapelekea bibi na ami, kila mmoja kwenye simu yake.

Bibi alijibu: bibi. Ami alijibu: mwana.

Wiki ya tatu hii kadi zinataja vyakula tu.