Bibi Harusi Aliyetoka Relini

Mimi ni mwanamke wa Ufipa, na kwetu hakuna reli. Naomba niliseme hilo mapema, maana watu wakinisikia nikisimulia habari za treni hudhani nimezaliwa Tabora. Nimezaliwa upande wa Mollo, nimekulia kwenye mahindi na ulezi, na hadi naolewa sikuwa nimeona chuma kinachotembea zaidi ya malori na baiskeli ya padri. Lakini nipitishe leo mahali panaponguruma injini ya dizeli, ile ya zamani inayopumua kwa nafasi, tu, tu, tu, uone kama sitasimama. Wanangu hunivuta mkono twende. Siwasikii.

Ugonjwa huu aliniambukiza mume wangu. Yeye ni mtu wa Mbeya, na wakati ananioa alikuwa mfanyakazi wa reli kule Mpanda. Aliendesha kiberenge, kile kigari kidogo cha relini kinachowabeba mafundi wa njia. Kwa watu wa reli kiberenge ni kitu cha kawaida, tena cha kuchekwa, kwa sababu treni ikija lazima kikae pembeni kiipishe. Mume wangu hakukubali kichekwe. Alikifuta vumbi kila asubuhi kabla hajanywa chai, na mimi bibi harusi nikiwa nimekaa na kikombe namsubiri.

Siku za mwanzo mwanzo tu alinipeleka stesheni. Miaka ile vichwa vya treni vya dizeli vilikuwa vinaingia na vile vya moshi vinastaafu. Tukasimama kando ya njia. Mimi nikatoa macho huko treni inakotokea. Akaniambia, "Usiangalie. Sikiliza."

Nikafumba macho. Kwanza nikaisikia kwenye nyayo, halafu tumboni, halafu ndipo masikioni. Ngurumo nzito, haina haraka, haina hasira. Sijui niseme nini zaidi. Nilipofumbua macho nilikuwa nacheka peke yangu, na mume wangu ananiangalia kwa furaha kama mtu aliyekubaliwa posa kwa mara ya pili. Baadaye msimamizi wake aliniruhusu nipande kiberenge kipande kidogo cha njia. Nilicheka mpaka mafundi wazima nao wakaanza kucheka, hawajui wanacheka nini. Waswahili wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Sikuyaficha.

Raha ile haikudumu. Ilikuwa wakati wa kuhamia vijiji, na wazazi wangu nao walihamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, wazee wawili, nyumba haijaezekwa, mtoto aliyebaki hai ni mimi peke yangu. Baba akatuma neno kwamba anatuomba turudi. Mume wangu hakubishana. Aliacha reli, akapata kazi ya ufundi kwenye gereji ya serikali mjini Sumbawanga, tukajenga karibu na wazee, akawa anakwenda kazini kwa baiskeli.

Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniumiza. Jioni alisimama barabarani kusikiliza malori. Lori likipita anatikisa kichwa. "Hiyo siyo injini," anasema, "hicho ni kifua kikuu." Lori la kwenda Mpanda likipita, analisindikiza kwa macho mpaka vumbi linatua. Niliogopa. Nilijua iko siku atapanda mojawapo, na nisingekuwa na uso wa kumlaumu.

Basi siku moja dereva mmoja akaleta habari kutoka kwa wenzake wa zamani: kiberenge chake kimechakaa na kinatupwa, na injini yake ataruhusiwa kuichukua akiitaka. Mume wangu aliomba likizo siku ileile. Alirudi juu ya lori la chumvi, amekaa juu ya magunia, ameikumbatia injini iliyofungwa kamba na turubai. Hakuniona hata mimi nilipompungia mkono.

Sasa hapo lazima nimwelezee baba. Baba alikuwa mhunzi, mtoto wa wahunzi, wa ukoo wa wale waliokuwa wakiyeyusha mawe ya chuma kwenye malungu, yale matanuri marefu ya udongo ambayo mengine bado yamesimama huko porini kwetu. Utotoni alivuta mivukuto ya kupulizia moto mpaka mikono ikafa ganzi. Enzi hizo zilishapita, akawa anafua majembe kwa vyuma chakavu, na vyuma chakavu vilikuwa adimu kuliko nyama. Na shamba la pamoja la kijiji lina watu wengi, majembe hakuna.

Injini iliposhushwa, baba alikuja na nyundo yake. Akaigonga ubavuni, ngo, akainamisha sikio. Akagonga mgongoni. Akanyooka, akatabasamu. "Majembe," akasema. "Tena mazuri."

Mume wangu alimwamkia. "Shikamoo, baba. Hii ni injini."

"Marahaba, mkwe wangu. Kwa sasa."

Ikabidi mwenyekiti wa kijiji aingilie. Kijiji kilikuwa na banda lenye mashine ya kusaga ambayo injini yake ilikufa zamani, na wanawake tulikuwa tunabeba nafaka kichwani hadi mashine ya Kizwite. Mwenyekiti akaamua hivi: mkwe apewe muda mpaka ulezi wa shamba la pamoja uvunwe. Siku hiyo kama injini ya reli itasaga gunia la kwanza mpaka liishe, itabaki bandani. Ikishindwa, ni ya mhunzi, na mkwe asaidie kuipasua. Wote wawili wakakubali. Baba alikubali haraka mno.

Jamani, miezi ile ilikuwa mitamu. Mume wangu akirudi kazini anavua shati la gereji na kuingia bandani, nami namfuata na taa ya chemli na uji. Nilijifunza spana kwa ukubwa wake, nikajifunza kuosha nozeli kwa dizeli, nikajifunza pia kazi ambayo haifanywi na mtu mmoja. Injini ile iliwashwa kwa hendeli. Mmoja anazungusha gurudumu zito, na mwingine anakibana kidude fulani juu ya injini kinachoipunguzia mzigo. Gurudumu likishakolea mwendo, kidude kinaachiwa, na ndipo moto unashika. Ukiachia mapema, hendeli inampiga mwenzako. Ukichelewa, mwenzako anachoka bure. Kidude kikawa changu.

Na kila jioni baba anapita, nyundo begani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Majembe yangu hayajambo?"

"Hayajambo, baba," anajibu mume wangu, "ila yanakataa kuitwa majembe." Baba anacheka, anaenda zake. Mimi sicheki sana. Nilikuwa nimeshaona kwamba mume wangu hatengenezi injini tu. Alikuwa anajitafutia sababu ya kubaki. Majembe yakifuliwa kutokana na ile injini, ni nini kingemshika Ufipa? Mimi? Mimi nilikuwepo tangu mwanzo, na bado alikuwa anayasindikiza malori ya Mpanda.

Ulezi ukavunwa mwezi wa sita, baridi yetu ile inayomfanya mtu azungumze na moshi mdomoni. Jioni ya kuamkia siku yenyewe mume wangu alimwaga maji yote kutoka kwenye tangi la mgongoni linaloipoza injini, akiogopa yasije yakaganda usiku na kulipasua. Akaniambia, "Waambie akina mama alfajiri walijaze." Mimi nikamwambia mama, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa akina mama wa kijiji. Nikaenda kulala na roho imetulia.

Asubuhi tulipofika bandani injini ilikuwa imefunikwa kitenge kipya. Shanga nyeupe zimezungushwa kwenye bomba la moshi. Kifuani imepakwa unga wa ulezi. Akina mama wamekaa kando wametulia kweli kweli, na mama yangu nyuma kabisa, amejifunika upande wa khanga kwa sababu mkwe wake yupo. Nikaelewa. Zamani zile za matanuri, tanuri jipya lilipambwa na kuimbiwa kama bibi harusi, maana ndilo litakalozaa chuma. Mama aliyaona akiwa msichana. Kumbe alikuwa akinung'unika muda wote kwamba kuna mgeni ameletwa kutoka kwa watu akawekwa ndani, na hakuna aliyempokea.

Mume wangu akatoa kitenge taratibu, akakikunja, akanipa. Shanga aliziacha.

Akaanza kuzungusha. Nikaachia kidude. Injini ikakohoa mara moja, kimya. Akazungusha tena. Kimya. Baridi ilikuwa imeingia mpaka kwenye oili. Vijana wawili wakampokea hendeli, nao wakachoka. Baba alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nyundo magotini. Mwenyekiti akaangalia gunia la ulezi, akaangalia jua.

Mume wangu akarudi kwenye hendeli. Jasho linamtoka kwenye baridi ile. Nilimtazama usoni nikaona ameshaanza kukubali kushindwa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mara ya mwisho. Usiangalie. Sikiliza."

Nikafumba macho. Nikalisikia gurudumu likianza, zito, likasogea, likakolea. Nikangoja. Nikasikia watu wakiguna kwamba nimechelewa. Nikangoja kidogo tena, nikaisubiri ile pumzi niliyoisikia Mpanda kwenye nyayo zangu, nikaachia.

Tu. Tu. Tu, tu, tu, tu.

Banda likatetemeka. Kuku wa kijiji kizima wakakimbilia kwenye mahindi. Mkanda ukafungwa, mashine ikazunguka, ulezi ukamiminwa, na unga ukaanza kutoka, mwekundu na wa moto. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nililia, sikujali nani ananiona.

Gunia lilikuwa halijafika nusu tulipoona povu. Lilitoka kwenye tangi la mgongoni, likapanda, likamwagika ubavuni mwa injini kwenye unga na shanga. Halafu ikaja harufu. Kila mtu mle bandani aliijua harufu ile. Ni pombe ya ulezi, iliyoiva vizuri, inachemka.

Mume wangu akachovya kidole kwenye povu, akaonja. Akageuka polepole kuwatazama akina mama. Akina mama wakatazama chini. Mama yangu akajifunika khanga mpaka kichwani. Mume wangu alikwama: kwa mila za kwao na za kwetu, hawezi kumhoji mama mkwe wake. Na kuzima injini ili aoshe tangi hawezi, kwa sababu ikipoa hatuna nguvu ya kuiamsha tena, na baba yupo pale na nyundo. Basi akanigeukia mimi, akapaza sauti kuushinda mngurumo.

"Mke wangu, mwambie aliyemnywesha mgeni kwamba nashukuru sana. Ila mara nyingine ampe maji."

Kutoka ndani ya khanga mama akanijibu mimi, siyo yeye. "Mwambie mume wako, bibi harusi hapokelewi kwa maji."

Kijiji kiliangua kicheko. Mwenyekiti alishika nguzo asianguke. Mimi nikachukua kata nikawa naongeza maji huku povu linanimwagikia miguuni, na injini imelewa chakari lakini haikukosa hata pumzi moja, mpaka gunia likaisha.

Baba akasimama. Akausogelea unga, akauchota, akaulamba. Akaiwekea injini kiganja ubavuni, pale alipoigonga siku ya kwanza, akakiacha hapo kwa muda. Kisha akaichukua nyundo yake akatoka.

Jioni lori la kwenda Mpanda lilipita. Nilitoka nje haraka kumtazama mume wangu. Hakuwa barabarani. Alikuwa bandani na ndoo na kitambaa, anaosha tangi na kuimba. Sijawahi kufurahi kama siku ile, na nimezaa.

Injini ile ilitusagia miaka mingi. Watu walikuja kutoka mbali kuisikiliza, maana mume wangu aliwafundisha vijana kufumba macho, na wapo waliotoka hapo wakawa mafundi. Kila mavuno mapya mama alituma kibuyu kidogo cha pombe, na mume wangu alimwaga kata moja chini, mbele ya injini, siyo tangini. Na baba hakuacha utani wake. Akipita lazima aulize majembe yake kama hayajambo.

Hatimaye kijiji kilipata mashine mpya, na ile ya reli ikasogezwa pembeni mwa banda. Wahunzi vijana wa kijiji jirani wakaja kwa baba. Walimwamkia vizuri, wakamwambia wamesikia ana chuma kizuri kimelala, naye sasa mkono hauna nguvu, basi awaachie wao wakifue.

Baba wakati huo haoni vizuri, anatembea kwa fimbo. Akawauliza, "Chuma kipi?"

"Kile cha bandani, babu. Majembe yale."

"Majembe gani?" Akasimama. "Nyinyi kwenu mtu akishapokelewa na wake zenu kwa pombe, mnampasua?"

Wakaondoka wameinamisha vichwa. Mume wangu, ambaye alikuwa nyuma ya banda amebeba oili yake ya kuipaka ile injini kama kila wiki, alisikia yote. Akatokea, akapangusa mikono, akampigia goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," baba akasema, akitafuta bega lake kwa mkono. "Injini yetu haijambo?"